Klachi Mpya Katika Mlima wa Soni

Ukisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha, utapita mji mdogo uitwao Mombo. Mji huo uko wilaya ya Korogwe, mkoa wa Tanga. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1905, wakati wa Wajerumani. Joto la Mombo ni kali. Upande mmoja utaona nchi tambarare yenye mkonge. Upande wa pili utaona milima imesimama kama ukuta. Hiyo ndiyo milima ya Usambara.

Hapo Mombo barabara ya Lushoto huacha barabara kuu, ikaanza kupanda. Mpaka Lushoto ni kilomita zipatazo 33. Barabara hujipinda mara kulia, mara kushoto. Upande mmoja ni jabali, upande mwingine ni bonde. Magari ya kabichi, karoti na viazi hushuka. Magari ya saruji na mabati hupanda.

Mwezi uliopita nilipita njia hiyo. Sikuwa nakwenda Lushoto. Nilikuwa nakwenda kumwona dada yangu, katika kijiji kilicho kati ya Soni na Bumbuli. Nataka nikueleze niliyojifunza njiani, maana yanaweza kukufaa hata wewe uliye mbali na Usambara.

PIKIPIKI YA VIPANDE

Mpwa wangu alinipokea Mombo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Panda, twende kabla jua halijawa kali."

Nikaitazama pikipiki yake. Tangi limeandikwa Honda. Fremu yake ni ya Honda CG125 ya zamani. Aina hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1976, ikasifiwa kwa ugumu wake. Lakini injini ya kwanza ilikufa. Mpwa wangu akafunga injini nyingine, iliyotengenezwa China. Kisha akachomelea keria ndefu ya kubebea magunia. Nyuma akaweka sproketi kubwa, ili ipande mlima kwa nguvu.

Tukaanza kupanda. Kona za kwanza hatukuona tabu. Baadaye kidogo, injini ikaanza kupiga kelele nyingi huku pikipiki ikipunguza mwendo. Mpwa wangu akiongeza mafuta, kelele huzidi, lakini gurudumu halifuati. Nikasikia harufu ya kuungua.

Kwenye kona moja kali tulikaribia kusimama kabisa. Nyuma yetu kulikuwa na lori. Dereva alipiga honi kwa nguvu. Tukaegemea ukingoni, lori likapita karibu nasi. Chini yetu lilikuwa bonde. Nilishuka magoti yakinitetemeka.

"Klachi imekwisha, mjomba," mpwa wangu akasema. "Ninayo mpya ndani ya mfuko. Sijapata nafasi ya kuifunga."

Nikamwambia, "Hukupata nafasi, na huku unabeba watu?"

Akainama. Kisha akaniambia jambo lililomsumbua. Wiki mbili nyuma, usiku, aliitwa kumpeleka mama mjamzito hospitali ya Bumbuli. Katika kitongoji chao hakuna gari. Pikipiki yake ndiyo gari la wagonjwa. Kwenye mlima wa mwisho klachi ilikataa. Yule mama alishuka, akapanda kwa miguu huku ameshikwa mikono na mama mkwe wake. Walifika, na mtoto alizaliwa salama. "Lakini tangu siku ile," akasema, "kila nikipita pale naona haya."

Nilisimamisha gari la abiria likanipeleka Soni. Yeye alikuja peke yake, polepole, bila mzigo.

KLACHI NI NINI?

Soni ni mji mdogo kwenye njia panda. Kabla hujaingia, utaona maporomoko ya maji karibu na barabara. Hapo njia moja huendelea Lushoto, nyingine huchepuka kwenda Bumbuli. Hewa ni baridi. Wanawake huuza matunda kando ya barabara. Karibu na soko, chini ya paa la bati, tulimkuta fundi mmoja mzee.

Mzee huyo alinieleza kazi ya klachi kwa viganja vyake. Alivibana pamoja.

"Kiganja hiki ni injini," alisema. "Hiki ni gia, ambazo huzungusha gurudumu. Nikivibana, kimoja kikizunguka, cha pili hufuata. Nikivilegeza, kimoja huzunguka peke yake. Ndiyo klachi."

Ndani ya injini, viganja hivyo ni sahani nyembamba za mviringo. Mafundi huziita pleti. Ziko za aina mbili. Moja ina vipande vya kuleta msuguano, na huzungushwa na injini. Nyingine ni ya chuma kitupu, na huzungusha gia. Zimepangwa kwa zamu, moja ya msuguano, moja ya chuma. Springi huzibana. Ukivuta mkono wa klachi, mbano wa springi huondolewa kwenye pleti, nazo huachana. Ukiachia, hushikana tena.

Pleti za msuguano zikilika, hazishiki. Injini hupiga kelele bure, na pleti huungua. Hiyo ndiyo harufu tuliyoisikia.

NAMBA YA INJINI

Mpwa wangu akatoa klachi yake mpya. Haikutoka kiwanda cha Honda. Ilitengenezwa na kiwanda kingine kinachouza spea tu. Spea za namna hiyo ziko nyingi madukani, na bei yake ni nafuu. Mzee hakuzidharau. Alisema nyingine ni nzuri sana, nyingine ni mbaya, na mnunuzi lazima ajue anachonunua.

"Ulimwambia nini mwenye duka?" mzee akauliza.

"Nilimwambia nataka klachi ya Honda CG125."

"Na injini yako ni ya nini?"

Mpwa wangu akanyamaza.

Mzee akachukua kitambaa, akafuta matope ubavuni mwa injini. Zikatokea herufi na tarakimu: 162FMJ. Akaninyooshea kidole. "Soma, ndugu mgeni."

Kisha akanieleza maana yake. Injini nyingi za pikipiki za China huandikwa hivyo. Tarakimu 1 ni silinda moja. Tarakimu 62 ni upana wa silinda, yaani milimita 62. Herufi F maana yake hupozwa kwa hewa. M ni pikipiki. J ni ukubwa wa injini, kama sentimita za ujazo 150. Injini ya ukubwa wa 125 mara nyingi huandikwa 156FMI.

Basi klachi ya mpwa wangu ilinunuliwa kwa jina lililo kwenye tangi, na injini ilikuwa nyingine. Mzee alipofungua injini alihesabu pleti za msuguano. Zilikuwa 6. Katika mfuko mpya zilikuwa 5.

"Ungeweza kuzilazimisha," mzee akasema. "Zingekaa wiki moja. Kisha ungerudi kule kwenye kona."

Nikamwuliza alijifunzia wapi mambo hayo. Akacheka. "Nilijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni. Zamani nilifunga spea kwa kukisia. Nilipojua kusoma, niliona kuwa kila injini imeandikwa jina lake. Mimi tu ndiye nilikuwa sijui."

Kesho yake alfajiri mpwa wangu alishuka Korogwe kwenye duka alikonunua. Alichukua pleti moja ya zamani, springi moja, na karatasi yenye namba ya injini. Muuzaji alilinganisha, akambadilishia. Mpwa wangu aliongeza fedha kidogo. Alirudi alasiri.

KAZI YENYEWE

Nilikaa kwenye kigoda nikitazama kazi yote. Ukiwa na fundi, nawe mtazame hivyo hivyo. Kazi ilikwenda namna hii.

1. Siku ya kwanza, mzee aliacha injini ipoe. Alisimamisha pikipiki mahali tambarare. Akamwaga oili ya zamani ndani ya beseni. Hakuimwaga chini, maana maji ya mlimani hunywewa na watu walio bondeni.

2. Alilegeza waya wa klachi, akaondoa kiki na vitu vilivyozuia njia. Akafungua bolti za kifuniko cha upande wa kulia. Bolti hizo hazina urefu mmoja. Kwa hiyo alichora kifuniko kwenye kipande cha boksi, akachomeka kila bolti mahali pake.

3. Kifuniko kiling'ang'ania. Alikigonga taratibu kwa kipande cha mti. Hakutumia bisibisi kukibandua, kwa sababu hukwaruza chuma, na baadaye oili huvuja.

4. Bolti nne za springi alizilegeza kidogo kidogo, kwa kukingamanisha. Kisha akatoa kifungio cha katikati na pleti zote.

5. Alizikagua. Pleti za msuguano zilikuwa nyeusi na nyembamba. Za chuma zilikuwa na rangi ya samawati, alama ya kuungua. Alilaza moja juu ya kioo, ikachezacheza. Imepinda. Springi ya zamani ilipowekwa kando ya mpya, ilionekana fupi. Imechoka.

6. Alipapasa kikombe cha chuma kinachoshika pleti. Kama kingekuwa na mikato mirefu, pleti zingekwama. Mikato ilikuwa midogo, akailainisha kwa tupa.

7. Mpwa wangu alipoleta pleti mpya, mzee alizitumbukiza ndani ya oili safi. Akasema, "Leo hatufungi. Pleti kavu zikianza kazi huungua. Zilale hapa." Tukalala Soni.

8. Asubuhi alizipanga. Ya kwanza ya msuguano, kisha ya chuma, kisha ya msuguano, mpaka ya mwisho nayo ikawa ya msuguano. Springi zote nne aliweka mpya. Bolti alizikaza kwa kukingamanisha, bila nguvu nyingi, maana zinapoingia ni chuma laini na hukatika.

9. Alikwangua gasketi ya zamani, akaweka mpya, akafunga kifuniko. Akatia oili kama lita moja, akapima kwa kijiti chake.

10. Mwisho alirekebisha waya. Ncha ya mkono wa klachi ilicheza kama sentimita moja hadi mbili kabla ya kuanza kuvuta. Waya ukikazwa sana, pleti hazibanani vizuri, nazo huungua tena hata kama ni mpya.

Kuhusu oili, mzee alionya. Katika pikipiki ya namna hii, oili moja hulainisha injini na klachi pia. Oili nyingine za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, nazo hufanya klachi iteleze. Tazama kopo kabla ya kulipa. Tafuta maandishi JASO MA au JASO MA2. Hiyo ni alama ya oili inayofaa klachi ya pikipiki.

Mpwa wangu akauliza, "Mzee, safari hii itakaa muda gani?"

"Nitazame mkono wako nikwambie," mzee akajibu. "Ukisimama mlimani kwa kuvuta klachi nusu, utaichoma. Tumia breki. Ukibeba magunia matatu, utaichoma. Sproketi yako kubwa inakusaidia kupanda, lakini haikupi ruhusa ya kubeba kama lori. Na ukishuka Mombo, usivute klachi ukaiacha pikipiki ikimbie. Acha gia ikusaidie kuishika."

KUELEKEA BUMBULI

Mzee aliwasha injini. Akavuta klachi, akaingiza gia ya kwanza. Pikipiki ikatulia. Akaachia polepole, ikasogea bila kushtuka. Mpwa wangu alilipa, akashukuru. Kabla hatujaondoka, mzee alimpa kipande cha mkaa. "Andika namba ya injini ndani ya mfuniko wa boksi lako la vifaa. Siku ukimtuma mtu dukani, asiseme Honda."

Mpwa wangu aliandika kwa herufi kubwa: 162FMJ. Nikamkumbusha atazame na kadi ya pikipiki. Kadi bado ilikuwa na namba ya injini iliyokufa. Akaahidi kwenda kuuliza irekebishwe.

Tuliichukua njia ya Bumbuli. Tulipita mashamba ya mahindi na migomba, na nyumba zilizojengwa juu ya miteremko. Siku za kwanza klachi mpya hutaka upole, kwa hiyo tulikwenda taratibu. Dada yangu alikuwa ametungoja siku mbili. Alitupokea kwa ugali wa moto na maharage.

Jioni nilimwomba mpwa wangu anipeleke kwenye ule mlima wa mwisho kabla ya hospitali. Alisimama chini kwa kitambo, akiutazama. Kisha akaingiza gia ya kwanza. Injini haikupiga kelele za bure. Tulipanda mpaka juu, wawili, bila mimi kushuka. Hakusema neno. Nami sikusema.

Ndugu msomaji, labda unayo pikipiki, au jirani yako anayo. Labda nayo imebadilishwa injini, keria au sproketi. Leo, kabla jua halijazama, chukua kitambaa ufute matope. Isome namba ya injini, uiandike mahali ambapo haitapotea. Ikiwa injini inapiga kelele na gurudumu halifuati, usingoje. Huwezi kujua ni nani atakayebisha hodi usiku, akitaka kupelekwa hospitali.