Tambi za Bologna Jikoni Mwetu

Mkwe wetu ni mkanda unga katika mkahawa wa Kitaliano huko Malindi, na wanawe humwuliza mbona wao hawaonji anachowaandalia wageni. Binti yetu akatuletea suala hilo, akichelea kuwavunja watoto moyo.

Tulimjibu: tuutenge unga na kinachotiwa ndani yake. Tortellini za Bologna, ambazo mapishi yake yaliandikishwa rasmi mjini humo mwaka 1974, hujazwa nyama ya nguruwe, jibini, yai na kungumanga. Nguruwe ni haramu, hapana mjadala. Ama unga na mayai ni halali, na huko huko Italia, watu wa Mantova tambi zao huzijaza boga.

Basi tukakusanyika jikoni. Kila gramu 100 za unga wa ngano, yai 1. Ukakandwa hadi ukalainika, ukafunikwa nusu saa, ukasukumwa mwembamba mno. Tukakata miraba midogo, tukatia kima ya ng'ombe iliyokaangwa ikapoa, yenye kungumanga kidogo. Tukakunja pembe tatu, na ncha mbili tukaziunganisha kidoleni. Zikachemshwa katika supu ya kuku.

Mkwe wetu ndiye aliyewafundisha wanawe kukunja. Mdogo wao alizihesabu zake mwenyewe kabla hazijatiwa chunguni: 11.

Enyi wazazi, mtoto akiuliza, msikomee katika neno haramu. Mwonyesheni na mlango wa halali, kwani huo ndio mpana zaidi. Wallahu aalam.