Nilipokwenda Mbeya Kusoma Kompyuta

Mwaka 1998, mzazi akisema mwanawe anasoma kompyuta, hakuna aliyemuuliza anasoma nini hasa. Hilo pekee lilitosha. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nipo nyumbani Kihesa nikisubiri matokeo, mjomba akaandika barua kutoka Mbeya: jirani na kwake Iyunga kumefunguliwa darasa la kompyuta, nije. Mimi sikuwa nimewahi kupita Mafinga.

Basi liliondoka Iringa mjini alfajiri, likateremka mlima hadi Ipogolo na kushika barabara kuu ya Zambia. Mama alikuwa amenifungia viazi vitamu na sweta mbili, maana aliamini baridi ya Mbeya haina mchezo. Baada ya Mafinga ilikuwa mipaini ya Sao Hill kila upande, ikapita na kupita mpaka nikasinzia. Makambako tukanunua mahindi ya kuchoma kupitia dirishani. Pale ndipo nilipoiona reli ya TAZARA kwa mara ya kwanza.

Kutoka Makambako barabara inashuka kuelekea Igawa na joto linapanda kukupokea. Sweta zilivuliwa basi zima. Mibuyu ikaanza, kisha mashamba ya mpunga ya Usangu, na tukavuka Mto Mbarali. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba maji yale huingia Ruaha Mkuu, hutuama bwawani Mtera, huzungusha mitambo ya pale na ya Kidatu, na umeme wake husafiri kwa nyaya kurudi huku huku Nyanda za Juu. Kwa hiyo mto niliouvuka nikiwa natafuna mahindi ulikuwa na mkono wake katika kuiwasha kompyuta yangu ya kwanza. Hadi leo nikipita Igawa huwa nachungulia darajani.

Mjomba alinipokea kituoni jioni, ukungu ukiwa umeufunika mlima Loleza. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mjomba, umekuja na baridi lako?" Kesho yake akanipeleka darasani mwenyewe.

Viatu vilivuliwa mlangoni. Vumbi, tuliambiwa, ni adui wa mashine. Ndani, sakafu ya saruji ilikuwa ya baridi kali, na kompyuta zimepangwa ukutani, kila moja imefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Hatukuzigusa mara moja. Kwanza tulipewa kibodi iliyochorwa kwenye karatasi ngumu, tukajifunza kuweka vidole mahali pake bila kutazama. Tulikuwa wawiliwawili kwa mashine moja, mmoja anachapa, mwenzake anamsomea.

Siku ilipofika ya kuwasha, mwalimu alianza na stabilaiza, akasubiri sindano itulie, ndipo akabonyeza swichi. Namba zikaanza kupanda juu ya skrini nyeusi: mashine inahesabu kumbukumbu yake yenyewe, hadi megabaiti 4. Mlio mmoja mfupi. Diski ikakwaruza ndani kwa muda. Kisha herufi C, mkwaju, alama ya mshale, na kijistari kinachometameta. Ilikuwa imekaa kimya inakusubiri useme neno. Usiposema, haifanyi kitu.

Mashine zile zilikuwa za 386, aina ya prosesa ambayo Intel iliitoa mwaka 1985. Ulaya zilikuwa zimekwisha kutupwa maofisini. Kwetu zilikuja kama mitumba. Kuchelewa huko kulikuwa na historia. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ikafuata ICL 1900, na kazi ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine hiyo ikaenda vibaya na kuleta hasara kubwa. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na katazo hilo likalegezwa taratibu tu katika miaka ya 1980. Ndiyo maana wenzetu wa nchi nyingine wanapokumbuka kompyuta za utotoni, sebuleni kwao, sisi tunakumbuka chumba cha watu wengi na viatu mlangoni. Mimi sioni kwamba tulipunjwa. Mashine moja ilikuwa ya mtaa mzima, na kila aliyejua amri mpya aliwafundisha wengine siku hiyo hiyo.

Programu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kuandikia, WordPerfect 5.1. Skrini ya bluu tupu, na kwenye kona ya chini kulia namba za ukurasa, mstari na nafasi ulipo. Hakuna picha, hakuna kipanya. Juu ya kibodi kulikuwa na ukanda wa karatasi unaokumbusha kazi za vitufe: F7 kutoka, F10 kusevu. Ukibonyeza Alt na F3, skrini inagawanyika, na chini unaona kila kitu kilichofichwa ndani ya barua yako: hapa wino mzito umeanza, hapa umeishia, hapa mstari umekatwa. Sijapata tena programu inayomwonyesha mwandishi mifupa ya kazi yake namna ile. "Sevu kwanza!" mwalimu alikuwa akipaza sauti kila taa zikififia, na vidole vyote vilikimbilia F10 kwa pamoja.

Barua yangu ya kwanza ya kuchapwa nilimwandikia mama. Ilitoka kwenye printa ya utepe, kwa kelele, kwenye karatasi yenye matundu pembeni. Aliipeleka kanisani Kihesa ikasomwa na nusu ya kwaya.

Mashine za aina ile leo huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Boma la Iringa, jengo la enzi za Wajerumani, limekuwa makumbusho tangu 2016, na ndani yake urithi wa Wahehe umetunzwa kwa heshima. Ningefurahi mno wakitenga meza moja kwa ajili ya 386, yenye kitambaa chake, ukanda wake wa karatasi na printa yake pembeni. Iwe imechomekwa kwenye umeme na inafanya kazi, ili mtoto wa Kihesa aandike jina lake, abonyeze Alt na F3, aone.