Kazi ya shangazi isiyo na asante

Mtoto akifaulu sayansi, wazazi wengi huona kazi mbili tu: udaktari na uinjinia. Ndivyo alivyoona baba mmoja wa Buswelu, Mwanza, hadi binti yake alipochagua tahasusi ya PCM badala ya PCB.

"Hiyo fizikia utakula nini?" baba akauliza.

"Nataka kazi ya shangazi."

Shangazi huyo ni mtaalamu wa kinga ya mionzi. Hupima kama mionzi inavuja kwenye vyumba vya eksirei, kama ukuta na mlango vina kinga ya kutosha, na kama wafanyakazi wanavaa beji za kurekodi mionzi inayowafikia. Nchini, Tume ya Nguvu za Atomu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ndiyo msimamizi. Kimataifa, mfanyakazi hatakiwi kuzidi wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Kwa mwananchi wa kawaida ni 1, mbali na mionzi ya asili na ya matibabu.

Jumapili moja baba alimuuliza dada yake kama kazi hiyo inalipa. Shangazi hakuanza na mshahara. Alisimulia siku alipotaka chumba cha eksirei cha hospitali moja kifungwe, kwa sababu mionzi ilipenya ukutani hadi kwenye benchi la kusubiria. Wagonjwa walinung'unika, wakubwa wakanuna. Kwenye benchi lile walikuwa wakikaa hata wajawazito.

"Kaka, daktari akimponya mtu, analetewa kuku," alisema. "Mimi niliyemkinga hata hajui kwamba alikuwa hatarini. Kuna siku inauma. Lakini nikilala, najua nilichofanya."

"Na mtoto ataweza kazi isiyo na asante?"

"Muulize yeye. Usimuulize jirani."

Hapo ndipo penye kazi ya mzazi. Heshima ya mtaani si kipimo cha kumchagulia mtoto kazi ya maisha. Afadhali kumkutanisha na anayeifanya, amsikie akieleza matamu na machungu yake, kisha aamue akiwa amefumbua macho.

Baba hakusema ndiyo wala hapana. Alinyamaza kidogo, akamgeukia binti: "Kalkuleta ya sayansi siku hizi ni shilingi ngapi?"