Vibuyu chirizi vyetu vya kwanza vilidumu siku nne

Wengi mumetuuliza darasa letu la dizaini hapa Bwera linafundisha nini, kama ni kompyuta ama kushona nguo. Si kompyuta, na nguo pia hapana. Acha tuanze na aibu yetu, ndiyo mutaelewa.

Mbele ya kuwa walimu, tulijenga vibuyu chirizi vitatu karibu na vyoo. Kama hujakiona, ni kijerikani cha lita tano, sisi wa Kongo tunasema bidon, kimetundikwa kwenye mti uliolala juu ya nguzo mbili. Kinatobolewa tundu kwa msumari wa moto, halafu kamba inashuka mpaka kwenye kijiti cha chini. Unakanyaga kijiti, kijerikani kinainama, maji yanachirizika, mkono haushiki kitu. Kilianzia Zimbabwe, kwa Jim Watt, na yeye alitumia kibuyu cha kweli. Huku kwetu jambo hili ni zito. Juni 2019 Ebola iliingia Uganda kupitia wilaya hii ya Kasese, na mgonjwa wa kwanza alikuwa mtoto wa miaka mitano aliyetoka Kongo. Anayevuka Mpondwe anajua kunawa si mchezo.

Basi tulipima, tukachimba, tukapiga picha, tukaposti. Mulipenda sana! Siku ya nne hakuna mtu aliyekuwa anavitumia. Kamba moja ilikuwa imeenda kufunga mbuzi, na kijerikani kimoja hatujui kiko wapi mpaka leo. Tukasema watu ni wachafu. Kweli tulisema hivyo, watu wazima wenye cheti cha sekondari.

Kwa hiyo sasa, siku ya kwanza ya darasa, hatutoi penseli. Wanafunzi wapya wanakasirika, ju wamekuja na madaftari wakitaka kuchora nyumba ya ghorofa. Tunawatuma wakae mahali wanaona njia ya chooni, saa nzima, waangalie watu wanavyofanya wakitoka. Wanacheka, lakini wanaenda.

Dada mmoja alikuwa ametuambia anataka kuacha, eti hakusoma sana na mkono wake haujui kuchora. Yeye ndiye alirudi na neno. "Mama mwenye mtoto mgongoni hakanyagi. Anafika, anaangalia matope, anaenda zake." Alikuwa amemfuata mama huyo na kumuuliza kwa Kinande, na Wakonzo wa hapa pia wanakisikia. Mama akamjibu: "Binti yangu, nikisimama mguu mmoja pale, tutaanguka wawili."

Tulinyamaza wote. Sisi tulijenga vitatu bila kuuliza hata mama mmoja.

Hapo ndipo tunatoa penseli, lakini ni ya kuandika sentensi moja tu: shida ni ya nani, na ni nini hasa. Kazi hii inachukua muda kuliko zote. Kwanza waliandika, "Watu hawanawi." Tukauliza, sasa hapo utatengeneza nini? Utatengeneza watu? Waliandika na kufuta mpaka ikawa: "Mama mwenye mtoto mgongoni anataka kunawa bila kusimama mguu mmoja kwenye utelezi." Ukisoma sentensi hiyo, mawazo yanaanza kuja yenyewe. Yalikuja mengi, mengine ya kuchekesha, na tulikataza mtu kusema "haiwezekani" kabla ya kujaribu.

Kujaribu kwenyewe tunafanya kwa chupa za soda, vijiti na kamba ya katani. Tunapenda kiwe kibaya cha sura. Kikiwa kizuri, mwenyewe anaogopa kukivunja. Kaka mmoja alitengeneza cha kuvuta kwa kiwiko, chupa yote ikamwagika kwenye shati lake. Vizuri, tukajua.

Kuko wanaosema dizaini ni mambo ya wazungu na yunivasiti. Hao tunawauliza wa Goma: chukudu je? Ile tairi iliyokatwa na kupigiliwa kwenye gurudumu, kile kipande cha kandambili cha kuwekea goti, ni yunivasiti gani ilichora?

Mwishowe walichagua kitu rahisi sana: changarawe chini ya kijiti, na mti wa kushikilia pembeni. Mama yule aliitwa kujaribu. Akasema mti uko upande mbaya, ju mkono ule ndio anashikia beseni ya kichwani. Tukaung'oa, tukauhamisha.

Hiki kimoja sasa kiko wiki ya sita na bado kinatumika. Lakini saa sita mchana kinakuwa kikavu, na anayebeba maji ya kukijaza ni yuleyule mama. Dada wetu ameshaandika ubaoni sentensi ya Jumamosi ijayo: "Nani anajaza?" Bado hatuna jibu. Wewe mwenye umeona njia nzuri huko kambini kwenu, tuandikie hapa chini.