Jini Gani Huja Alasiri Tu?

Mimi ni mkazi wa Kaole, kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo, na kazi yangu ni kutembeza wageni kwenye magofu. Kazi yenyewe ni ya mdomo. Unaeleza habari za msikiti wa karne ya 13, unaeleza makaburi ya nguzo na bakuli za Kichina zilizopachikwa humo, unajibu maswali ya wanafunzi wa basi zima, kisha unaanza upya na kundi linalofuata. Ugonjwa ulionipata ulianzia machoni ukaja kuichukua sauti, na kwa muda mrefu hakuna aliyeutambua.

Ulianza kwa kuona vitu viwili viwili. Jioni ikija pikipiki moja naona mbili, sijui nipishe ipi. Kisha kope la jicho la kushoto likaanza kushuka. Duka la dawa wakaniuzia matone. Baadaye taya likawa linachoka: kipande cha pweza nakianza vizuri, katikati nashindwa kutafuna, nashika kidevu kwa mkono ili mdomo ufunge. Chai ikawa inanitokea puani. Ikifika alasiri natamka maneno kama mlevi, na wageni wanatazamana.

Kijijini maelezo hayakukosekana. Walisema natembea juu ya makaburi ya masharifu kila siku, sasa wenyewe wamechoka nami, wamenitumia jini. Shangazi yangu alinipeleka kwa shehe, nikanywa kombe, nikafukizwa ubani. Siwacheki, walinihangaikia kwa mapenzi, na dua ilinitia moyo. Lakini swali moja lilinikera: jini gani huyu anayekuja alasiri tu? Asubuhi nilikuwa mzima kabisa. Na huko ndiko kulikonichelewesha, maana ukitaka kumwona daktari unawahi foleni alfajiri. Saa tatu ninapoitwa chumbani macho yako wazi na sauti imenyooka. “Mzee, ni uchovu tu, pumzika.”

Kisha nikapata homa na maambukizi ya njia ya mkojo. Zahanati niliyokwenda walinichoma gentamaisini, dawa inayotibu wengi kila siku. Usiku ule shingo ilishindwa kubeba kichwa, mate hayamezeki, na nikilala chali pumzi inakata. Mama watoto alinipakia kwenye gari la jirani, na safari yetu ikaishia hospitali ya rufaa Dar es Salaam.

Siku za kwanza zilikuwa za oksijeni na kulishwa kwa mpira wa puani. Aliyenivusha ni daktari kijana aliyemsikiliza mke wangu alipomwambia, “Mwanangu, huyu asubuhi ni mtu, jioni ni gogo.” Nilipotulia kidogo alikuja jioni, akaniambia nitazame dari nisishushe macho. Dakika haikuisha, kope limeshuka. Akajaza barafu kwenye glavu, akaifunga, akaniwekea juu ya jicho kwa dakika mbili. Alipoiondoa, kope lilikuwa limepanda.

“Mzee, una miasthenia gravis,” akasema, na alipojua natoka Bagamoyo akanieleza kwa mnada wa samaki. Neva haigusani na msuli. Kati yao pana mwanya mdogo mno. Ikitaka msuli usogee, humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo hupokelewa upande wa pili na vipokezi. Asetilikolini ni samaki wanaoshushwa mnadani, na wanunuzi ndio vipokezi. Kuna pia mfagiaji, kimeng'enya ambacho huivunja asetilikolini papo hapo ili msuli usibaki umekakamaa. Kwangu kinga ya mwili imekosea adui, inawafukuza wanunuzi. Asubuhi, baada ya mapumziko, samaki ni wengi na wachache waliobaki wanatosha. Kadiri msuli unavyotumika, samaki wanaoshushwa wanapungua, na biashara inakwama. Barafu ilimpunguza kasi mfagiaji. Gentamaisini, kwa upande wake, ilizuia samaki kushushwa.

Kisha akanichoma sindano mbili. Ya kwanza, neostigmini, humzuia mfagiaji ili asetilikolini idumu. Tatizo ni kwamba kemikali hiyo hiyo hufanya kazi pia tumboni, kwenye tezi za mate, kwenye njia za hewa na kwenye moyo. Ikizidi huko, mate yanajaa, tumbo linasokota, mapigo ya moyo yanapungua. Ndiyo maana ya sindano ya pili, atropini: inafunga vipokezi vya huko na kuviacha vya misuli ya viungo. Baada ya kama nusu saa nilisema “Alhamdulillahi” kwa sauti yangu mwenyewe. Mke wangu alilia.

Nilirudi Kaole na vidonge vya piridostigmini vya miligramu 60, pamoja na predinisoloni ya kuituliza kinga. Kidonge huanza kazi baada ya nusu saa hivi na huisha nguvu baada ya saa tatu au nne. Nakimeza kabla ya chakula, ili taya na koo viwe na nguvu wakati wa kula. Vivyo hivyo kabla ya kupokea kundi la wageni. Kuongeza vidonge ovyo hakuongezi nguvu. Dozi ikipita kiasi misuli inalegea tena, safari hii kwa jasho, mate na kuharisha. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti humwua mtu kwa njia hiyo hiyo, kwa kumkaba mfagiaji, na hospitalini atropini huwa miongoni mwa dawa za kwanza. Shemeji yangu anayepulizia matikiti tangu aliposikia hayo havui barakoa.

Daktari alinisimulia asili ya tiba yangu. Mwaka 1934, hospitali ya St Alfege huko Greenwich, Uingereza, Dk. Mary Walker aliona wagonjwa hawa wanafanana na watu waliolegezwa na sumu ya kurare, akawajaribu kwa dawa inayotumika dhidi ya sumu hiyo: fizostigmini. Dawa hiyo hutoka kwenye mbegu ya Calabar, Nigeria, ambako aliyetuhumiwa uchawi alinyweshwa mbegu hizo kama kiapo, mfano wa mwavi wa huku kwetu. Akifa, ana hatia. Kwa hiyo mimi niliyesemewa majini nimeponea kwenye ukoo wa dawa uliowaua watuhumiwa wa uchawi.

Jambo gumu kuliko vidonge lilikuwa Ramadhani. Dawa ya kila saa nne haipatani na saumu, na mwanamume wa Pwani kula mchana si jambo dogo. Shehe yule yule wa kombe ndiye aliyenitoa wasiwasi: mgonjwa ana ruhusa, na maradhi yangu ni ya kudumu, basi nilishe maskini. Nalisha.

Malaria nayo haijahama Bagamoyo. Dawa mseto tunayotumia nchini tangu 2006 hainisumbui, wala sindano ya atesuneti, lakini kwinini inaweza kunilegeza mpaka nishindwe kupumua. Kwa hiyo nina kadi mfukoni, na naitoa kabla sijaulizwa jina. Imeandikwa jina la ugonjwa na dawa za kuniepusha nazo au kunipa kwa uangalizi mkubwa: gentamaisini na ndugu zake, siprofloksasini, kwinini, sindano ya magnesiamu, na dawa za kulegeza misuli wakati wa upasuaji.

Ndugu msomaji, ukimwona mtu kope linashuka jioni na kupanda asubuhi, anaona viwili viwili, taya linamchoka kabla ya sahani kwisha, mpeleke hospitali, na umpeleke alasiri. Kama ni lazima aende asubuhi, mpige picha kwa simu jioni iliyotangulia ukamwoneshe daktari. Mwombeeni dua, hakuna ubaya, lakini msimchomeshe sindano kabla hajachunguzwa. Ugonjwa huu hauna tiba ya kuufuta, ila una dawa, na mwenye dawa anaweza kufanya kazi. Mimi nipo Kaole, na wageni nawatembeza hadi jioni.