Nahawand haijafiwa

Nimekuwa kimya kama wiki mbili hivi. Samahanini. Sababu ni kwamba nilikosea hadharani, gazetini, tena chini ya jina langu, na nilikuwa natafuta namna ya kulisema jambo lenyewe bila ya kujitetea sana. Haya, leo nalisema.

Niliandika makala kuhusu taarab ya Unguja. Ndani yake niliweka sentensi moja ambayo, nakiri, niliipenda mno: kwamba Nahawand ni maqam ya huzuni, sawa na maina ya Wazungu. Makala ikatoka Jumapili. Jumatatu jioni napita zangu Jaws Corner, nikasikia naitwa kutoka barazani. Mzee mmoja, jirani yetu wa zamani, mpiga fidla wa zaidi ya miaka 40.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mwanangu. Hebu njoo hapa. Hii Nahawand imefiwa lini? Mbona mie sikupata taarifa?"

Baraza zima likacheka. Nami nikacheka, ingawa cha kulazimisha. Akaniagizia kahawa, akaniambia kesho baada ya alasiri nende kwake.

Kwanza nieleze nilikoipata ile sentensi. Mie muziki wa kina Mozart na Beethoven niliuanza chuoni, kwa kuazima sidii, baadaye kwa kusikiliza kwenye kompyuta usiku kucha. Kila nilichosoma kilinifunza jambo moja: meja ni furaha, maina ni majonzi. Kwa wasiojua, ni hivi. Ukipanda do, re, mi kama wanavyoimba wanakwaya, kutoka do hadi mi ni hatua 4 za nusu sauti. Hiyo ni meja. Ishushe ile mi kidogo, zibaki hatua 3, umeingia maina. Tofauti ni kitufe kimoja tu cha piano. Kitufe kimoja, na chumba kizima kinabadilika hewa.

Na mifano ipo. Mozart ana simfonia 41 zenye namba, na katika hizo 2 tu ndizo za maina: ya 25 ya mwaka 1773 na ya 40 ya mwaka 1788. Konseto zake za piano ni 27, za maina ni 2 tu. Mtu anayekwenda mahali mara chache namna hiyo, unaamini akienda ana jambo. Beethoven naye, simfonia yake ya 5 iliyopigwa Vienna mwaka 1808 inaanza katika maina kama mtu anayegonga mlango kwa hasira, inamalizia katika meja kama mtu aliyefunguliwa. Chopin aliandika maandamano ya maziko katika maina, na mpaka leo ukiyapiga popote duniani watu wanajua kuna jeneza.

Basi nikaamini. Lakini nilikuwa na sababu nyingine ya kuamini, ambayo kwenye makala sikuisema.

Mama yangu alifariki mwaka 2019. Sikulia. Si siku ya maziko, si siku tatu za msiba, si kwenye hitma. Nilipika, nikapokea wageni, nikapanga viti, nikahesabu sahani. Shangazi zangu walinitazama kwa jicho la pembeni. Mmoja akasema nikimsikia, "Huyu mtoto ana moyo mgumu."

Nikaenda kutafuta chozi langu kwa Mozart. Usicheke. Mwaka 1778 Mozart alikuwa Paris na mama yake, ana miaka 22, na mama akamfia huko huko tarehe 3 Julai. Mwaka ule ule, katika mji ule ule, aliandika sonata ya piano katika maina ya A, na watu wengi hupenda kuunganisha mambo haya mawili. Nikasema, huyu ndiye mwenzangu. Kila usiku nikaiweka ile sonata, nikalisubiri chozi kama anayesubiri daladala saa sita za usiku. Halikuja.

Sasa turudi kwa Babu.

Sebuleni kwake fidla ilikuwa juu ya kabati, imefungwa ndani ya kitambaa. Akaifuta, akaikaza nyuzi, akapiga kipande kifupi. Kizuri, chepesi, mguu wangu ukaanza kutikisika wenyewe.

"Huu wimbo gani?"

"Wa harusi," nikasema.

"Maqam gani?"

Nikanyamaza.

"Nahawand, mwanangu. Watu wameozeshwa humu miaka na miaka. Sasa wewe unatwambia bibi harusi alikuwa msibani."

Kisha akanipigia Rast. Hapa ndipo nilipopigwa na butwaa, kwa sababu masikio yangu ya sidii hayakujua pa kuiweka. Nilisubiri sauti ya tatu niamue: meja au maina? Furaha au huzuni? Haikuwa hata moja. Sauti ya tatu ya Rast inakaa katikati, baina ya vitufe viwili vya piano. Kwenye fidla na udi hakuna vizuizi shingoni, kidole kinateleza mpaka kinaipata. Kanuni ina vijichuma vidogo ambavyo mpigaji anavipindua kubadilisha uzi robo sauti. Lakini piano ya kawaida haina pahala pa kuipigia, na akodiani ya kawaida pia haina. Si jambo dogo hili. Mwaka 1932 Cairo kulifanyika mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu, na moja ya mabishano ilikuwa hiyo piano: iingizwe au isiingizwe?

Na sisi muziki wetu mzizi wake mmoja uko huko huko Misri. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kanuni. Mwaka 1905 ikaundwa Ikhwani Safaa. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, akatia Kiswahili, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi. Kwa hiyo maqam tumekaa nazo muda mrefu. Tunazisikia kwenye adhana, kwenye maulidi, kwa msomaji wa Qur'ani anayehama kutoka Bayati kwenda Hijaz bila ya mtu kumtangazia. Halafu mie, mtoto wa Mwembetanga, nikaja kuzipima kwa rula niliyoazima.

Nikarudi nyumbani nikachimba tena. Kumbe hata huko Ulaya rula yenyewe imepinda! Katika opera ya Gluck ya mwaka 1762, Orfeo anampoteza mkewe mara ya pili na anaimba kilio chake katika meja. Handel aliandika maandamano ya maziko ndani ya oratorio yake iitwayo Saul, ya mwaka 1739, nayo ni meja. Na yule Mozart wangu, wiki mbili kabla mama yake hajafa, simfonia yake ya meja, ya shangwe tupu, ilipigwa pale pale Paris. Watu hawaitaji hiyo. Tunataja sonata ya maina kwa sababu inakubaliana na hadithi tunayoitaka.

Je, basi ngazi ya sauti haina kazi? Hapana, sitaki kukosea mara ya pili kwa kwenda upande wa pili. Mtu mwenye huzuni husema chini, polepole, sauti inashuka mwisho wa sentensi. Muziki unaoiga hayo unatugusa, na sauti ya tatu iliyoshushwa ni njia moja ya kuiga. Hijaz, na lile ruko lake la nusu sauti 3 baina ya sauti ya pili na ya tatu, inanisimamisha nywele kila mara. Lakini njia si pahala pa kufikia. Ngazi inafungua mlango tu. Aliyemo ndani ni wewe na wafu wako.

Najuaje? Miezi minane baada ya Mama, nilialikwa harusi ya binti ya jirani. Taarab ikaanza, wanawake wamejipamba, noti zinatunzwa, vigelegele. Mara ikapigwa nyimbo moja ambayo Mama alikuwa akiivumisha puani kila alipokuwa akisukuma chapati. Nyimbo ya mahaba, ya kuchangamka. Nilianguka kwenye kiti, nikalia mpaka wanja ukafika kidevuni. Nililia yale ya maziko, ya siku tatu na ya hitma yote pamoja. Bibi mmoja nisiyemjua akanishika bega, akaniambia "lia mwanangu," akaendelea kupiga makofi.

Siku ile kwa Babu nilimwimbia kidogo ile nyimbo nikamuuliza ni maqam gani. Hakufikiri hata kidogo.

"Rast hiyo. Mamako alikuwa akiipenda tangu msichana. Mie nishampigia."

Sikujua. Miaka yote ile nilikuwa namtafuta Mama Paris, na aliyewahi kumpigia fidla anakaa mitaa mitatu kutoka nyumbani.

Mhariri wangu amekubali tuchapishe masahihisho. Ni mistari miwili: "Katika makala ya Jumapili tulisema Nahawand ni maqam ya huzuni. Si kweli, hutumika pia kwa nyimbo za furaha, zikiwemo za harusi." Basi. Gazeti halina nafasi ya zaidi ya hapo, ndiyo maana mengine nimeyaandika hapa.

Yule shangazi aliyesema nina moyo mgumu sijamweleza haya. Labda Idi nikienda kumpa mkono nitamweleza. Au nitamwomba Babu aje na fidla, apige, tuone nani atalia na nani atapiga makofi. Nahisi tutafanya yote mawili.

Na wewe je? Nyimbo gani iliwahi kukuliza pahala ambapo kila mtu alikuwa anacheka?