Mambo ya TP: pointi niliyomnyima mtoto wa watu

Mniwie radhi kwa ukimya. Wanaofuatilia diari hii wanajua nilikuwa TP kule Bariadi, mkoa wa Simiyu. Nyie mliopangiwa Dar mkawa mnakula ubwabwa wa mama kila jioni, sina neno na nyie. Sisi wengine tulipanda basi alfajiri: Dodoma, Singida, Shinyanga, tukakata pale Mwigumbi kwenda Maswa, na Bariadi tukaingia mgongo umekufa ganzi. Ilikuwa Julai, msimu wa pamba, maroli yanapishana barabarani.

Leo sitawasimulia maandalio ya somo wala mkaguzi aliyenikuta nimekosea tarehe ubaoni. Nina deni la pointi moja, na nimeona bora niliseme.

Si mnaijua kamera yangu, ile ya mtumba niliyonunua kwa bumu la mwaka wa pili, mkasema nitakula lenzi? Basi niliibeba. Shuleni (jina siitaji) wakaiona, na haikuchukua wiki nikaambiwa, "Madam, Jumamosi kuna fainali ya mpira wa meza ya wasichana. Tupigie picha za kubandika kwenye ubao wa matangazo." Nikajibu hakuna shida. Shida ilikuwepo, ila sikuijua.

Mechi ilichezwa bwaloni, usiku. Taa za tyubu mbili, moja inapepesa kama mtu anayesinzia. Nikajaribu bila flashi, shata 1/60: mikono yote ikatoka moshi mtupu. Nikapachika flashi juu ya kamera, nikaiweka nguvu yote, nikachuchumaa nyuma ya mchezaji mmoja. Aliyenitazama upande wa pili alikuwa binti wa Kidato cha Pili, mwembamba, hana maneno, anatumia mkono wa kushoto.

Seti ya tano, 9 kwa 9. Bwalo zima limesimama. Mwenzake akapiga smashi, binti akanyanyua raketi, na mimi nikaona hii ndiyo picha yenyewe. Nikabonyeza. Paa! Mpira ukapita pembeni ya sikio lake. 10 kwa 9. Pointi iliyofuata akafungwa tena, mchezo ukaisha, vijana wakaruka juu ya mabenchi.

Baadaye alinifuata akiwa na adabu zake zote. "Shikamoo madam. Pale niliona nyeupe tu." Basi. Akaenda zake.

Nilipofika chumbani nikaiangalia ile picha. Mgongo wa mchezaji wa karibu umeungua mweupe kama karatasi. Binti kule mbele yuko gizani, macho kayafumba. Yaani nilimpofusha na wala sikummulika!

Hesabu yake ni ile ya fizikia tuliyokariri O-level bila kuielewa. Ukiongeza umbali mara mbili, mwanga unabaki robo. Meza ya mpira wa meza ina urefu wa mita 2.74. Mchezaji wa karibu alikuwa mita 1 kutoka kwangu, wa mbali mita 4 na ushee, kwa hiyo wa mbali alipata kama sehemu moja ya kumi na sita ya mwanga wa mwenzake. Ila ukiwa kwenye bwalo lenye giza, mboni zimetanuka na unaitazama flashi moja kwa moja, hiyo sehemu moja inakutosha.

Kilichoniuma zaidi nilikisoma kesho yake. Sheria za mchezo huo zinasema mchezaji akivurugwa na jambo la nje linaloweza kubadili matokeo, pointi inarudiwa. Refa, mwanafunzi wa Kidato cha Nne, hakujua. Mtu mzima aliyeshika flashi pale nilikuwa mimi, nikanyamaza. Na kwenye mashindano makubwa ya mchezo huo wapiga picha hukatazwa kabisa kutumia flashi. Kumbe wenzetu walishajua.

Nikampigia mshikaji wangu mmoja wa hapa kampasi, mgonjwa wa kamera. Akacheka kwanza, halafu akasema, "Toa hiyo taa kichwani." Akanieleza habari za Mmarekani David Hobby, aliyekuwa mpiga picha wa gazeti la Baltimore Sun, ambaye mwaka 2006 alianza kufundisha mtandaoni kwa jina Strobist jinsi ya kutumia flashi ndogo ikiwa mbali na kamera. Akaniambia pia kwamba kwenye kumbi za NBA flashi kubwa hufungwa juu kabisa darini, wachezaji wanaendelea na shughuli zao. Wiki hiyo hiyo akanitumia kwa basi flashi ya pili na vidude vya redio vya kuziwasha kwa mbali.

Kuta za shule mnazijua: chini bluu, juu nyeupe. Flashi moja nikaifunga kwenye nondo za dirisha kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, usawa wa katikati ya meza. Nikaigeuza iipe meza mgongo, imulike ukuta pale juu penye weupe (ukimulika bluu, watu wote wanatoka bluu). Upande wa pili ukuta umejaa moshi wa jikoni, nikatundika shuka langu, nayo flashi ya pili ikamulika shuka. Wachezaji hutazamana kwa urefu wa meza, kwa hiyo mwanga wa ubavuni, tena uliogonga ukuta kwanza, hauwachomi.

Shata 1/200, maana kamera yangu ikizidi hapo pazia la shata linakula kipande cha picha. ISO 3200. Flashi nguvu 1/8 tu: inawaka kwa muda mfupi kuliko 1/1000 ya sekunde, ndiyo inayougandisha mkono, na betri hazichoki mapema.

Nikamwomba binti radhi mbele ya wenzake, nikaomba wacheze tena, ya kirafiki. Akakubali kwa sharti: nipige kwanza wakiwa wanapasha misuli. Nikapiga. Akasimamisha mchezo. "Madam, ya dirishani naiona kwa pembeni." Nikaisogeza. Akajaribu tena, akaniashiria sawa.

Akafungwa tena! 11 kwa 8, seti ya tano. Ila safari hii hakugeuka kuniangalia mimi. Alimpa mwenzake mkono, wakacheka. Picha ninayo: mpira umeganda hewani, macho yake makavu yameuangalia. Hapa siiweki, ni yake na ya ubao wa shule yao.

Ile pointi ya fainali bado sijailipa, na sijui inalipwaje. Nyie mnaokwenda na kamera kwenye bonanza za ukumbini, kabla hujabonyeza, nenda kasimame anaposimama mchezaji, mwambie mwenzako aiwashe hiyo flashi. Ikikuchoma, ihamishe.

Tuonane wiki ijayo, bumu likitoka.